Pi 4 haibuti: taa ya kijani inapepesa mara nne, kadi nimeiandika upya mara mbili na bado

matangi_mawili

Wakuu, habari za jioni. Nahitaji macho ya pili hapa.

Bodi ni Raspberry Pi 4B ya 4GB (kompyuta ndogo ya bodi moja). Kadi ni microSD ya 64GB ambayo imefanya kazi usiku na mchana kwa karibu mwaka na nusu. Mfumo ni Raspberry Pi OS Lite ya biti 64, toleo la Bookworm. Chaja ni ya simu, USB-C, imeandikwa 5V 3A. Kazi yake ni kusoma vihisio vya kiwango cha maji kwenye matangi mawili ya paa huku Kahawa West, na kuandika usomaji mmoja kila sekunde 10 kwenye faili la SQLite (hifadhidata ndogo ya faili moja).

Jumatatu stima ilipotea na kurudi mara tatu ndani ya dakika chache. Tangu hapo taa nyekundu inawaka, ya kijani inapepesa mara nne haraka haraka, inatulia, inarudia. Haionekani kwenye mtandao.

Nilichofanya: nimetoa kadi, nikaiweka kwenye laptopu ya Ubuntu, nikaandika imeji (faili lenye nakala nzima ya mfumo) upya kwa amri ya dd:

`xzcat imeji.img.xz | sudo dd of=/dev/sdb bs=4M conv=fsync status=progress`

Imemaliza bila kosa lolote. Nimerudisha kwenye Pi: mipepeso minne ileile. Nimerudia tena na kisoma kadi kingine, hali ni ileile. Je, bodi imeungua? Na je, kuna njia ya kupata data ya zamani, au ndiyo nimeifuta mwenyewe?

---

pini_ya_sita

Bodi haijaungua. Kinachopepesa taa hiyo mara nne ni butiloda (programu ndogo inayouwasha mfumo), na kwenye Pi 4 butiloda haikai kwenye kadi, inakaa ndani ya chipu ya EEPROM iliyo kwenye bodi yenyewe. Ikiweza kukuhesabia hadi nne, iko hai. (Kwenye Pi 3 na zilizotangulia mambo ni tofauti: `bootcode.bin` husomwa kutoka kwenye kadi, kwa hivyo kadi ikifa unabaki na taa nyekundu na kimya kitupu. Ndiyo maana ushauri mwingi wa zamani mtandaoni unawapoteza wenye Pi 4.)

Mipepeso ina maana yake. Kwa Pi 4:

mifupi 4: `start4.elf` (faili la kuwashia ambalo butiloda hulipakia kutoka kwenye kadi) haikupatikana
mifupi 7: keneli (kiini cha mfumo) haikupatikana
mifupi 8: SDRAM (kumbukumbu ya bodi) imegoma, na hapo ndipo unaanza kuishuku bodi
mirefu 2, mfupi 1: patisheni (sehemu ya kadi) si ya FAT, muundo wa mafaili ambao butiloda huusoma
mirefu 2, mifupi 2: patisheni ipo ila haisomeki
mirefu 4, mifupi 6 au 7: hitilafu ya umeme kwenye bodi

Yako ni ya kwanza. Yaani kadi imeonekana, patisheni ya FAT imefunguka, na faili moja halipo. Ukitaka uhakika zaidi, chomeka skrini kwenye tundu la HDMI lililo karibu na USB-C (si lile la pili) kabla ya kuwasha. Butiloda itakuandikia kwenye skrini inachotafuta na inachokosa. Ikikuambia `Failed to open device: 'sdcard'`, basi kadi haionekani kabisa, na hiyo ni shida nyingine ya pini au tundu.

Swali langu ni hili: umeandika imeji mpya mara mbili, na kila imeji mpya ina `start4.elf` ndani. Imeenda wapi? Fungua ile patisheni ya kwanza kwenye laptopu utuwekee orodha ya mafaili pamoja na tarehe zake. Na usiandike chochote tena kwenye kadi hiyo kwa sasa.

---

bendi_ya_shaba

Ifomati FAT32 kwanza, kisha uandike imeji. Kadi za 64GB huja na exFAT na Pi haisomi exFAT. Na kama ni ya Luthuli (mtaa wa maduka ya elektroniki jijini Nairobi), hiyo ni feki, tupa.

---

solda_baridi

@bendi_ya_shaba nusu ya hayo ni kweli, lakini haimhusu. Ni kweli 64GB huja na exFAT na butiloda haiijui. Ila imeji inapoandikwa kwa dd au kwa Raspberry Pi Imager, jedwali la patisheni linabadilishwa lote kuanzia baiti ya kwanza, na ile exFAT ya dukani inaondoka. Kufomati kabla ya kuandika imeji ni kama kupiga deki nyumba unayokwenda kubomoa. FAT32 ni muhimu kwa anayenakili mafaili kwa mkono tu. (Na wapo wanaoburuta faili la `.img` lenyewe na kulidondosha ndani ya kadi kama picha ya harusi. Hilo halibuti hata ufomati mara kumi.)

Kuhusu feki: kadi feki ya uwezo haifi hivi. Tuseme ndani ina 8GB halisi na imedanganywa ijiite 64GB. Imeji ya gigabaiti tatu inaingia vizuri, Pi inabuti, unafurahi. Siku data inapovuka ile 8GB halisi ndipo mafaili yanaanza kugeuka takataka. Ndiyo maana feki hujulikana baada ya wiki kadhaa, si siku ya kwanza, na ukiiandika upya inaonekana imepona. Yake imeandikwa upya na haijapona hata kwa dakika moja.

Ninachoshuku mimi ni kwamba kadi imejifunga, inasomeka ila haiandikiki. Kila kadi ina kidhibiti kidogo ndani chenye jedwali la kujua kipande gani cha data kiko wapi kwenye chipu. Kuna vipande vya akiba vya kuziba nafasi ya vilivyochoka. Akiba ikiisha, au jedwali likiharibika umeme ukikatika katikati ya kuhamisha data, kidhibiti kinafunga mlango wa kuandika. Kadi nyingine hutoa kosa ukijaribu. Nyingine, na hizo ndizo mbaya, hupokea kila unachotuma, hujibu "sawa", na hazihifadhi kitu. dd inamaliza bila lalama. Hata ukisoma palepale unaweza kuona data mpya, kwa sababu laptopu inakusomea kutoka kwenye kumbukumbu yake yenyewe na si kutoka kwenye kadi.

Jaribio ni rahisi: toa kadi, irudishe, ndipo uangalie. Mafaili ya zamani yakiwa bado yamekaa pale, umepata jibu. Na katika hali hiyo data yako ipo, kwa sababu zile dd mbili hazikufuta chochote.

---

matangi_mawili

Nimeitoa na kuirudisha. Hii hapa patisheni ya kwanza, nimeifupisha:

```
bcm2711-rpi-4-b.dtb
cmdline.txt
config.txt
fixup4.dat
FSCK0000.REC
FSCK0001.REC
kernel8.img
overlays
```

Tarehe zote ni za mwaka jana. `start4.elf` haipo. Na kwenye patisheni ya pili kuna `/home/tangi` pamoja na folda yangu ya skripti! Imeji mpya haiwezi kuwa na folda hiyo.

---

pini_ya_sita

Basi @solda_baridi amelenga penyewe. Hayo `FSCK0000.REC` ni alama za kukaguliwa: programu ya ukaguzi wa FAT ilikuta vipande vya faili visivyo na mwenyewe na kuviwekea jina hilo wakati wa kuwaka. Huenda moja kati ya hayo mawili ndiyo `start4.elf` yako, imepoteza jina. Ukaguzi huo ulifanyika wakati kadi bado inakubali kuandikwa. Sasa haikubali, kwa hivyo hata ukitaka kurudisha jina huwezi.

Usihangaike kuitengeneza. Ondoa data, uitupe.

---

solda_baridi

Kutoa data: tunanakili kadi nzima kuwa faili moja kwenye laptopu. Hakikisha laptopu ina nafasi ya GB 64 hivi, kisha:

`sudo apt install gddrescue`
`lsblk`

Soma matokeo ya `lsblk` kwa makini. Kadi ya 64GB huonekana kama 59G na pointi kidogo. Kwenye kisoma kadi cha USB itakuwa `sdb` au `sdc`, na kwenye tundu la ndani la laptopu mara nyingi ni `mmcblk0`. Ukikosea herufi utanakili diski ya laptopu. Patisheni zikiwa zimefunguka zenyewe, zifunge kwanza kwa `umount`. Kisha:

`sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb kadi.img kadi.map`

`-d` inaruka kumbukumbu ya laptopu na kusoma kadi moja kwa moja, na `-r3` inarudia sehemu mbovu mara tatu. Lile faili la `.map` usilifute hadi umalize. Stima ikipotea katikati, rudia amri ileile na itaendelea ilipoachia. Kwa kisoma kadi cha USB 2 kinachosoma megabaiti 20 kwa sekunde, hesabu karibu saa nzima.

Ikiisha, weka kadi pembeni na ufanye kazi kwenye nakala tu:

`sudo losetup -fP --show kadi.img`

Itakujibu jina, tuseme `/dev/loop12`. Patisheni ya pili inakuwa `/dev/loop12p2`. Ikague kisha uifungue:

`sudo e2fsck -f /dev/loop12p2`
`sudo mount -o ro /dev/loop12p2 /mnt`

e2fsck itakuuliza maswali mengi. Jibu `y` bila hofu, hiyo ni nakala. Ikiharibika unayo kadi yenyewe.

Faili la SQLite lisinakiliwe peke yake. Kama kando yake kuna faili linaloishia na `-wal`, `-shm` au `-journal`, chukua yote kwa pamoja na uyaweke folda moja, maana usomaji wa mwisho unaweza kuwa bado uko humo. Kisha:

`sqlite3 maji.db "PRAGMA integrity_check;"`

Jibu unalotaka ni neno moja, `ok`. Likija jingine, jaribu `.recover` ndani ya sqlite3 na uelekeze matokeo kwenye hifadhidata mpya.

Jambo la mwisho: usichukue `kadi.img` nzima ukaimwaga kwenye kadi mpya. Utakuwa unahamisha ugonjwa. Tena kadi mbili zilizoandikwa 64GB hazilingani baiti kwa baiti. Ya pili ikiwa ndogo hata kidogo, mkia wa patisheni unakatika. Andika imeji safi, kisha rudisha skripti na data.

---

bendi_ya_shaba

Sawa, nimekubali kuhusu exFAT. Lakini kwa kununua kadi mpya msimamo wangu ni uleule: usiamini kibandiko. Pale Luthuli Avenue kuna halisi na kuna feki, wakati mwingine kwenye kabati moja, na kifungashio hakikuambii kitu. Elewana na muuzaji kabla ya kulipa kwamba ukiipima na kukuta imedanganya utairudisha, na akuandikie risiti. Asiyekubali sharti hilo amekwisha kukujibu.

Ukifika nyumbani, kabla ya kuweka chochote:

`sudo apt install f3`
`sudo f3probe --destructive --time-ops /dev/sdb`

Inafuta kila kitu kwenye kadi, na inachukua dakika chache tu. Nzuri itaandikwa `Good news` na `is the real thing`. Feki itaandikwa `Bad news` na `counterfeit`, halafu chini yake ukubwa halisi unaoweza kutumika. Mwenye Windows atumie H2testw, ila hiyo inaijaza kadi yote na kuisoma tena, kwa hivyo iache ifanye kazi ukipika.

Na kwa kazi yako 64GB ya nini? 32GB inatosha. Tafuta alama ya A1 au A2. Hiyo inahusu kusoma na kuandika vipande vidogo vidogo, ndicho Pi inachofanya siku nzima. A1 inaahidi angalau shughuli 1500 za kusoma na 500 za kuandika kwa sekunde. Ile namba 10 ndani ya duara inahusu video, megabaiti 10 kwa sekunde mfululizo, na haikwambii lolote kuhusu hifadhidata. Ukipata iliyoandikwa "High Endurance", za kamera za usalama, ongeza pesa uchukue.

---

matangi_mawili

ddrescue imemaliza, sehemu mbovu mbili ndogo tu. `integrity_check` imesema `ok`. Asanteni sana.

Kadi mpya ni 32GB A1, f3probe imesema ni halisi. Kabla sijaichomeka, nitajuaje safari hii kwamba imeji imeandikwa kweli?

---

solda_baridi

Ukitumia Raspberry Pi Imager, usiruke hatua ya kuthibitisha mwishoni. Watu wengi wanaibonyeza kando kwa haraka, na ndiyo ingekuambia tangu Jumatatu kwamba kilicho kwenye kadi si ulichoandika. Ukipenda dd, toa kadi, irudishe, na kabla hujafungua folda yoyote linganisha mwanzo wake:

`sudo head -c 256M /dev/sdb | sha256sum`
`xzcat imeji.img.xz | head -c 256M | sha256sum`

Mistari miwili ikifanana, imeandikwa. Zima kufunguka kwa kadi kwa otomatiki kwanza, maana laptopu ikiifungua tu hubadilisha baiti chache za FAT na mistari haitafanana hata kama kadi ni nzima.

---

pini_ya_sita

Kabla hujafunga mada, tuongee kuhusu ile chaja ya simu. Kuandikwa 5V 3A ni jambo moja, kinachofika kwenye bodi ni jingine. Pi 4 inataka 5.1V na 3A. Ile 0.1 ya ziada haikuwekwa kwa urembo, ni ya kufidia volti zinazopotea kwenye waya. Waya mwembamba wa mita mbili unakula nusu volti bila shida.

Pima kwa multimita bodi ikiwa inafanya kazi: ncha nyekundu kwenye pini ya 4, nyeusi kwenye pini ya 6. Zote ziko safu ya nje, upande wa ukingo wa bodi. Usitumie pini ya 2. Imepakana na pini ya 1 yenye 3.3V, na ncha ikiteleza ikaziunganisha, hapo ndipo utakuwa na bodi iliyokufa kweli. Unatafuta 4.8V au zaidi wakati wa kubuti, si wakati imetulia. Bodi inaanza kulalamika ikishuka chini ya 4.63V. Bila multimita:

`vcgencmd get_throttled`

`0x0` ni safi. `0x50000` maana yake volti ilishuka wakati fulani tangu iwake, na `0x50005` maana yake imeshuka hata sasa hivi unapoangalia.

Na kama Pi yako ni ya matoleo ya mwanzo kabisa ya 2019, usishangae ikikataa waya wa USB-C wa laptopu zile kubwa zenye chipu ndani. Kasoro iko kwenye bodi hizo. Waya wa kawaida unafanya kazi.

---

matangi_mawili

Imewaka! Pini 4 na 6 zinasoma 4.71V wakati wa kubuti na waya wa zamani, 4.98V na waya mfupi wa sentimita 50, chaja ni ileile. `get_throttled` sasa ni `0x0`.

Swali la mwisho: stima itapotea tena, hilo ni hakika kama mvua ya Aprili. Nazuiaje?

---

solda_baridi

Kwanza punguza kuandika. Kila sekunde 10 ni mara 8,640 kwa siku, na kila mara SQLite inaandika jarida, inaandika faili, na ext4 (muundo wa mafaili wa Linux) inaandika kumbukumbu zake. Kwako ni mstari mmoja wa baiti chache. Ndani ya chipu ni kipande kizima kinachofutwa na kuandikwa upya. Kusanya usomaji kwenye orodha ndani ya skripti na uandike wote pamoja kila dakika 5: mara 288 kwa siku. Stima ikipotea unakosa dakika tano za kiwango cha maji, na tangi halitajali.

Pili, toa hifadhidata kwenye kadi. Iweke kwenye SSD ndogo ya USB au hata flashi nzuri, kisha kadi yenyewe uifunge: `sudo raspi-config`, Performance Options, Overlay File System. Hapo kila kinachoandikwa kwenye mfumo kinaishia kwenye RAM na kupotea ukizima, na kadi haiguswi. Kumbuka kuifungua kabla ya `apt upgrade`, la sivyo utasasisha hewa. Au ruka kadi kabisa na ubuti kutoka kwenye hiyo SSD. `BOOT_ORDER` ya kawaida ni `0xf41`, husomwa kutoka kulia: 1 ni kadi, 4 ni USB, f ni kuanza upya. Ukitoa kadi itaenda USB yenyewe.

---

pini_ya_sita

Zile UPS (betri za akiba) ndogo za ruta zinafaa, lakini soma kibandiko cha tundu la 5V. Nyingi hutoa 2A tu pale, na Pi 4 yenye SSD itazidi. Tumia tundu la 12V pamoja na kishusha volti cha 5V 5A, ukirekebishe hadi 5.1V kwa multimita kabla hujakiunganisha na bodi. Pima pia wakati unachomoa plagi ukutani. Nyingine hukatika kwa sehemu ya sekunde zinapohamia betri, na ruta haitambui, lakini Pi inazima na kuwaka upya.

---

matangi_mawili

Nimeipima kwa kuchomoa plagi mara kumi. Ya kwanza niliyoazima ilizima Pi mara tatu. Ya pili haijazima hata mara moja, nimebaki na hiyo. Kishusha volti nimekiweka 5.12V, overlay imewashwa, hifadhidata iko kwenye SSD.